Madirisha ya Mwalimu Kipchumba

Mwalimu Kipchumba alistaafu chaki lakini hakustaafu sheria. Ukitaka kupanga kwake Kimumu, hapa Eldoret, kabla hujapewa ufunguo unasomewa karatasi nzima, wewe umesimama, yeye ameketi. Msumari ukutani, hapana. Gazeti au katoni dirishani, hapana. Pazia zito, hapana; kila dirisha lina neti nyeupe aliyoinunua yeye mwenyewe, na neti hiyo inamtosha mtu yeyote asiye na la kuficha. Waiyego alisomewa hayo mwaka juzi akaitikia ndiyo Mwalimu, ndiyo Mwalimu, kwa sababu nyumba ilikuwa safi na maji hayakuwa yakipotea. Neti haikumsumbua hata siku moja. Kutwa yuko sokoni anauza sare za shule, nani amchungulie?

Shida ilianza Juni, alipomleta mamake.

Figo za Mama Nyaguthii zilikuwa zimechoka. Kila Jumanne na Ijumaa alitakiwa kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu hapa mjini, na kule kwa Ciru, dadake Waiyego, alikokuwa akiishi, mashine ya karibu ilikuwa safari ya nusu siku. Daktari hakuzunguka: mama huyu akikosa mashine wiki mbili, asiuliziwe tena. Kwa hiyo ilibidi akae Eldoret, na Eldoret ndio mji ambamo mama huyo aliapa hatalala tena. Isitoshe, uchaguzi ulikuwa Agosti.

Jioni ya kwanza aliitazama ile neti, akaitazama barabara ng'ambo yake, halafu akabeba kigoda akaenda kukaa kwenye kikorido kati ya choo na chumba cha kulala, mahali pasipo na dirisha. Chakula akalia huko huko. Kesho yake vile vile. Waiyego alimbembeleza, akamkemea, akambembeleza tena.

"Mimi nitakaa," mama akasema, "lakini sitaki kuonekana. Nifunikie madirisha. Ukishindwa, nirudishe kwa Ciru."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti, na jamani, hayakuwa makubwa. Waiyego alipiga misumari minne akatundika blanketi mbili. Mama akatoka kwenye kikorido, akaketi kwenye kochi kama watu, akaitisha chai. Wiki tatu zikapita hivyo, hakukosa mashine hata mara moja, na uso wake ukaanza kurudi.

Kumbe Mwalimu ana masikio, na macho pia. Jumatano asubuhi alimngoja Waiyego getini, kofia kichwani, fimbo mkononi.

"Waiyego." Wapangaji wote aliwaita majina matupu, ungedhani bado anaita rejista. "Umepiga misumari kwa ukuta wangu."

"Nitaziba na simiti nikihama, Mwalimu."

"Wachana na ukuta." Akashusha sauti. "Uchaguzi umebaki mwezi mmoja, na nyumba yangu inazibwa blanketi mchana kutwa. Unajua majirani wananiuliza nini? Wananiuliza, Mwalimu, hao watu umewafanyia nini? Miaka kumi na miwili nimepangisha watu wa kila kabila hapa. Hakuna mtu amewahi kujificha kwangu."

Waiyego alitaka kunyamaza. Kunyamaza ndiko alikozoea. Mambo ya ule mwaka wa vita vya uchaguzi watu hawayaongei ovyo huku, sembuse na mzee wa Kikalenjin, wa ule upande mwingine. Mnaulizana mvua, mnaulizana mahindi, maisha yanaendelea. Lakini hasira ilimpanda, na nyuma ya hasira hofu, kwamba mamake atapanda gari la kwenda kufa.

"Tulikuwa tunaishi upande wa Turbo, hapo nje ya mji," akasema. "Dirisha la jikoni halikuwa na pazia. Walikuja kwanza wakachungulia. Mama aliwaona wakituhesabu. Halafu wakaenda, wakarudi na petroli. Baba alibaki ndani."

Mwalimu aliinamisha kichwa akawa anachorachora mchanga kwa ncha ya fimbo, mpaka Waiyego akaona aibu, utadhani yeye ndiye aliyekosa. Hatimaye mzee akakohoa.

"Jumamosi nitakuja mwenyewe," akasema, "kuyaangalia hayo madirisha."

Akageuka akaenda zake. Sasa wewe ungesikia nini hapo? Waiyego alisikia: nitakuja kung'oa. Neno hilo akalimeza, mamake hakumwambia, asije akafunga mzigo siku hiyo hiyo. Akajipangia kwamba Jumamosi angefunga kibanda saa sita, awahi nyumbani kabla ya mzee, ampigie magoti ikibidi. Hapo ndipo alipokosea, na mimi simlaumu sana. Alisahau kwamba Mwalimu ni mkulima pia, na mkulima wa huku kazi anaianza kabla umande haujakauka.

Jumamosi saa mbili na nusu asubuhi simu ikalia. Alikuwa Mideva, jirani wa mlango wa pili.

"Wacha kila kitu ukuje," Mideva akasema. "Ni shosho, mama yako."

Pikipiki ya boda ilimfikisha kwa dakika kumi. Nje ya dirisha la sebule walikuwa wamesimama Mwalimu na wanawe wawili, Kipkorir na Amos. Kipkorir alikuwa na nyundo. Amos alikuwa juu ya ngazi na panga la kuchongea mbao. Chini kwenye nyasi palikuwa na boksi mbili za mbao za kutundikia pazia, mpya, zimepakwa vanishi, na kando yake kitambaa kizito cha kahawia ambacho mke wa Mwalimu alikuwa amekishona pindo mwenyewe.

"Nilitaka urudi upate tumemaliza," Mwalimu akasema. Hakuweza kumtazama. "Tulibisha, hakuitika. Nikamwambia Amos apande, apenyeze mkono dirishani, ainue blanketi kidogo achungulie kama amelala, tusije tukamshtua."

Waiyego akawaza mamake alichosikia na alichoona. Wanaume watatu wanaongea Kikalenjin chini ya dirisha, halafu uso unaingia. Nia yao ilikuwa njema, tena njema kabisa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mama Nyaguthii alikuwa kwenye kikorido, amesimama, amevaa koti na viatu, mkoba begani. Sketi yake ilikuwa imelowa. Waiyego alimkumbatia akamweleza yote: ni pazia, mama, wamekuja kukuwekea pazia, Mwalimu nilimwambia mimi mwenyewe.

"Nimeelewa," mama akasema. Na kweli alikuwa ameelewa, akili yake ilikuwa timamu. "Ni watu wazuri. Lakini huu mwili hauelewi. Nibadilishe nguo unipeleke steji, nirudi kwa Ciru."

"Na Jumanne, mama? Na mashine?"

"Nipeleke steji."

Waiyego alilia, akaomba, akataja hata marehemu babake. Haikusaidia kitu. Saa nne walitoka, mama mbele, yeye nyuma na begi. Wale vijana walikuwa wameshaweka vyombo chini. Mwalimu alikuwa getini, kofia ameivua.

Mama Nyaguthii alisimama mbele yake. Akampa mikono yote miwili, akainama kidogo.

"Asante, Mwalimu," akasema, "kwa kuniacha niende nikiwa hai."

Mzee akawafungulia geti.