Kamba ya Kiatu cha Cyrus

"Umeuza, Cyrus. Usinizungushe. Umeuza mechi vile umezoea."

"Sijauza. Mpira umeniponyoka."

"Umekuponyoka kama sabuni?"

Tulikuwa tumeshatoka wote kwenye korido. Kuta za jengo letu hapa Najma, Doha, ni kama karatasi, ukipiga chafya chumba cha mwisho unapewa pole kutoka chumba cha kwanza. Sasa Kiptoo na Cyrus kugombana mlango kwa mlango, nani angekosa? Mimi niliacha nguo kwenye ndoo. Jirani yetu Scovia alitoka na mwiko mkononi.

Kiptoo ni dereva wa lori la maji, na ndiye kapteni wa timu ya jengo. Cyrus analinda mlango wa duka moja kubwa, na ndiye kipa wetu. Kule nyumbani Kenya alikuwa kipa wa ligi kuu, watu wakiimba jina lake, mpaka ikajulikana anawauzia mechi watu wa kamari. Akafungiwa maisha: asicheze, asifundishe, asiokote hata mpira uliotoka nje. Kilichomwanika ni kamba ya kiatu. Siku ya kuuza, Cyrus aliinama langoni akafunga kamba, na wale wa kamari kule jukwaani wakajua bao linakuja. Habari ilipoenea, mtaani kwetu ikawa mzaha. Ukiunguza chapati, unaambiwa, "Leo umefunga kamba."

Alipofika Doha hakuna timu iliyomtaka. Hata vijana wanaocheza baada ya ibada kwenye makanisa ya Mesaimeer walimwambia kwa upole kwamba nafasi zimejaa. Ni Kiptoo aliyempigania. Aliwaambia wenzake, huyu ni jirani yangu, tunalala ukuta mmoja, namjua. Tangu hapo Cyrus akawa anafunga viatu vyake nyumbani, fundo juu ya fundo, kisha anazungushia plasta kama mtu mwenye kidonda. Tulimcheka, halafu tukazoea. Ijumaa ndiyo siku pekee nilimwona akitembea kama mtu mwenye mahali pa kwenda.

Ijumaa hii ilikuwa nusu fainali na Waghana. Cyrus alidaka vitu ambavyo sijawahi kuona mtu akidaka. Akapangua penalti. Watu wakaanza kuimba jina lake, na mimi nikaimba mpaka koo likakauka. Mechi ikikaribia kuisha, plasta ikabanduka kwa jasho, kamba ikalegea. Cyrus akainama langoni, akaifunga. Alipoinuka ikaja krosi nyepesi, ya kudakwa na mtoto, ikapita katikati ya mikono yake hadi wavuni.

Upande wetu hakuna hata aliyemzomea. Hilo ndilo lilikuwa baya.

"Nilikuona," Kiptoo alisema. "Kila mtu alikuona. Ukainama, ukafunga, tukafungwa. Nani amekutuma?"

"Hakuna. Ningeuza nini mimi, Kiptoo? Mechi ya kushindania mbuzi?"

"Wewe hata mbuzi unauza."

Mtu akacheka nyuma yangu, akajizuia.

"Kamba ilifunguka," Cyrus akasema.

"Na ukainama. Wewe, kati ya watu wote. Si ungecheza tu ikiwa imefunguka? Si ungenyoosha mguu, beki akufungie?"

"Nilisahau."

"Ulisahau nini?"

Cyrus akatuangalia tuliojazana pale, kisha akaangalia sakafu. "Mlikuwa mnaimba jina langu, bro. Nikasahau."

Nilidhani Kiptoo atalainika, maana ni mtu wa kulainika. Akavuta pumzi, akajipangusa uso kwa jezi.

"Labda ni kweli," akasema. "Na siwezi kujua. Hata ukiapa kwa mama yako, siwezi kujua. Kila Ijumaa nitakuwa naangalia miguu yako badala ya mpira." Akanyoosha mkono. "Lete glavu."

Zilikuwa glavu za timu. Cyrus alikuwa amezibana kwapani, akazitoa, akampa. Kiptoo akaingia kwake akafunga mlango taratibu, na mikono ya Cyrus, ile mikubwa, ikabaki inaning'inia haina kazi.

Tukaanza kutawanyika. Hakuna aliyemwambia kwamba anamwamini. Ningesema nini? Hata mimi niliiona ile kamba.

"Ssebo," Scovia akamwita, kwa heshima ya kwao Uganda. "Mchuzi wa karanga unapoa. Njoo."

Kwa Scovia Ijumaa hakukosi watu. Tulikuwa tumeshabanana kwenye zulia lake, sinia la matoke katikati, kila mtu akieleza lile bao kwa namna yake. Sheria ya nyumba hiyo inajulikana: viatu vinabaki mlangoni. Cyrus akafika kizingitini, akaangalia viatu vyake, akainama. Vidole vikagusa kamba.

Tukanyamaza sote. Hatukupanga. Maneno yalikatika tu midomoni, na mtu aliyekuwa amekata tonge akabaki nalo mkononi.

Cyrus akasikia ule ukimya. Akabaki vilevile, ameinama, hafungui, hainuki.

Scovia akaenda mlangoni, akakunja kona ya zulia kwa mguu mpaka saruji ikaonekana.

"Ziache hizo kamba, Cyrus," akasema. "Ingia na viatu. Ingia ule."