Kiti cha Marehemu Ambo

Katika kibanda cha kinyozi Islaw, karibu na soko la samaki la Malabon, sheria ya sataranji ni moja tu: anayeinuka kitini ameshindwa, anampisha mwingine. Cesing aliijua vizuri. Miaka nenda rudi alimletea mumewe kahawa hapo, akasimama nyuma yake kutazama. Sasa Ambo amekufa, na Cesing amekuja kukikalia kiti chake.

"Shemeji, hapo wanakaa wanaume," alisema Teroy, bingwa wa pale.

"Basi nifunge. Ukinifunga, hamtaniona tena."

Weee! Wanaume wa pale kwa domo hawajambo, wakasogeza mabenchi. Teroy akaanza kwa kishindo. Cesing akamsogeza askari mmoja, hatua moja tu.

"Karo-Kan!" watu wakaangua kicheko. "Shemeji kajifungia ndani kama marehemu!"

Ni kweli, Ambo alicheza ulinzi huohuo wa Karo-Kan, wa kuanza taratibu kwa askari mmoja, na walimcheka hivyohivyo mpaka anaingia kaburini. Hasira zikampanda Cesing, lakini macho yake yakabaki ubaoni.

Teroy akashambulia bila breki. Akatoa farasi wake sadaka, akabomoa ukuta wa mfalme wa Cesing. "Cheki! Mfalme hatarini!" akapiga kelele, na kwa furaha akaruka juu kuwapungia wenzake.

"Kainuka! Teroy kainuka!"

Hata Islaw aliacha povu kwenye kidevu cha mteja. "Sheria ni sheria. Shemeji, umeshinda."

Kiti kilikuwa chake, bure kabisa. Lakini Cesing aliwajua watu hawa. Kesho wangesema amepewa kwa huruma.

"Kaa, Teroy."

"Si umeshinda? Unataka nini tena?"

"Kaa! Sijamalizana na wewe."

Teroy akakaa, akicheka. Cesing akamkwepesha mfalme. Cheki nyingine, akamkwepesha tena. Mashambulizi yakaisha nguvu, malkia wakalana, na farasi wa Teroy akawa amekufa bure. Ndipo yule askari wa hatua moja akaanza kutembea. Hakuna aliyemcheka safari hii. Alipofika mwisho wa ubao, Cesing akamfanya malkia, na baada ya muda mfupi mfalme wa Teroy hakuwa na pa kukimbilia.

Cesing akajiegemeza kwenye kiti cha mumewe.

"Haya, shemeji," akamwambia Teroy. "Sasa inuka."