Mume wa Kukodi

Kwenye harusi ya binti yao Lintang, katika mji wa Klaten, Winarsih alicheza dangdut, muziki wa dansi wa kwao, na mumewe Darsono wimbo mmoja tu, kisha akarudi jikoni kuangalia wali. Mgeni mmoja alikuwa amewarekodi. Kipande alichokirusha mtandaoni kilimwonyesha Darsono mgongo tu, na juu yake maneno: "Hijabu kichwani, mwanaume wa watu kiunoni."

Kufikia siku ya pili simu ya Winarsih ilikuwa haishikiki kwa ujumbe. Watu wa miji ya mbali, Medan na Makassar, wasiojua hata nyumba yake inatazama wapi, walikuwa wakimwombea mumewe subira. Darsono alizisoma dua hizo gereji kwake, akacheka mpaka akakohoa. Winarsih hakucheka. Kwenye kisomo cha dini cha akina mama, wenzake walikaa mbali naye, na mwalimu akazungumzia haya ya mwanamke kipindi kizima bila kumtaja mtu.

Mwenyekiti wa mtaa, Tugiman, akaja kumwomba Winarsih arekodi video ya kuomba radhi ili mambo yatulie. Tugiman huyo alikula harusini, na alimpa Darsono mkono wa pongezi mbele ya watu wote.

"Niombe radhi kwa kucheza na nani?" Winarsih aliuliza.

"Mimi najua, Mama Lintang. Wao ndio hawajui."

"Si uwaambie, basi."

Mwenyekiti alitazama vidole vya miguu yake, akasema yeye ana cheo, hapendi jina lake liingizwe.

Mwishowe Winarsih alirekodi, kwa ajili ya Lintang, maana wakwe walishaanza kuuliza maswali. Aliketi na Darsono sebuleni, akaeleza kwamba huyu ndiye mumewe, baba wa bibi harusi, akawaomba radhi waliokwazika. Video hiyo ikasambaa kuliko ya kwanza. Wapo waliosema mume ni wa kukodi. Wapo waliosema hata akiwa wake, mahaba ni ya chumbani. Wengine waliona nywele zimechungulia chini ya mtandio, wakadai aombe radhi na kwa hilo.

Tugiman akarudi.

"Fupi tu, Mama Lintang," alisema. "Nusu dakika."

"Nimeomba radhi kwa kucheza na mume wangu. Leo niombe radhi kwa kuomba radhi vibaya? Na keshokutwa? Nenda nyumbani, Mwenyekiti. Na chai sikupi."

Wiki iliyofuata mtandao ulimgeukia mwalimu mmoja wa Malang aliyekula barafu barabarani. Hakuna aliyerudi kwa Winarsih kusema amekosea. Tugiman alimsalimia sokoni kama vile hawajawahi kukorofishana.

Jioni moja Darsono akasogea pale Winarsih alipokuwa akimenya vitunguu. Mpwa wao alikuwa anaoa mwezi ujao.

"Nafikiri safari hii tukae tu, tusicheze," alisema taratibu.

Winarsih aliweka kisu chini. Matusi yote ya mtandaoni hayakuwa yamemchoma hivyo.

"Kaa wewe, Baba Lintang," akamwambia. "Mimi nitacheza. Wakirekodi, angalau safari hii watakuwa na haki ya kuuliza mume wangu yuko wapi."