Pipa Lililongoja Ndugu Wawili

Mume wangu alikuwa mpika wiski, na alikuwa na sharti moja: pipa halifunguliwi mpaka wanawe wote wawili wawe chumbani, kila mmoja na glasi mkononi. Walipokuwa wadogo, za kwao alizitia maji. "Kinywa kimoja hudanganya," alikuwa akisema.

Wiski yake ya mwisho ilikuwa ya kimea cha shayiri peke yake. Ilikuwa imelala kwenye mapipa makuukuu mpaka ikawa laini, akataka kuimalizia kwenye pipa jipya la mwaloni ili ipate rangi na utamu. Pipa alilitengeneza mwanetu wa pili, fundi mapipa, ambaye tangu utotoni tunamwita Msumari kwa wembamba wake na ugumu wa kichwa chake. Alilichoma kwa ndani kwa moto wa maranda, nyumba nzima ikanuka mkate ulioungua.

"Miezi sita tu, mzee," akamwambia baba yake. "Mti mpya una pupa. Ukizidisha, utakunywa mlango."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Miezi hiyo haikuisha, tukamzika.

Hata viti vya msibani havijarudishwa, wanangu wakagombana: jina la nani liandikwe kwenye chupa? Mkubwa, aliyepika na baba yake kisha akarithi mitambo, alisema wiski ni ya mpishi. Msumari akasema bila pipa lake hayo ni maji makali tu. Mkubwa akabadilisha kufuli la geti. Msumari naye akaapa hakanyagi pale mpaka aombwe radhi.

Nikangoja. Nilifuta vumbi kwenye lile pipa, nikajiambia mvumilivu hula mbivu. Kulifungua peke yangu ilikuwa ni kukubali kwamba sina tena watoto wawili, nina mmoja huku na mmoja kule. Mwaka wa nne nikachoka kubembeleza. Nikawatumia wote ujumbe mmoja: "Jumamosi mchana nalipasua pipa kwa shoka. Asiyetaka asije."

Walikuja. Mkwe wangu, mke wa mkubwa, alipanga glasi nne mezani: zetu tatu na ya marehemu, ambayo sijawahi kuacha kuiosha.

Msumari alisimama mlangoni. "Hodi! Au na humu kuna kufuli?"

"Pita, fundi," mkubwa akajibu. "Wewe kufuli la nini? Si ungepenya kwenye nondo?"

Mkwe akaangua kicheko. Msumari naye akauma mdomo asicheke. Moyo wangu ukaruka. Nikasema kimoyomoyo, leo yamekwisha.

Mkubwa akang'oa kizibo. Wiski ikatoka nyeusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Msumari akanusa, akafumba macho. Nikaonja. Kwanza ulikuja utamu wa sukari iliyoungua, nikamwona mzee wangu kabisa, na aproni yake. Halafu mti ukafika. Ulimi ukakauka, fizi zikakaza, ikawa kama nimetafuna penseli.

"Umeona pipa lako?" mkubwa akasema. "Limemuua baba mara ya pili."

"Pipa halina kosa. Nilisema miezi sita. Nani alinifungia geti?"

"Na nani alisusa kama mwali?"

"Niombe radhi, kaka."

"Anza wewe, mdogo wangu."

"Malizeni glasi," nikawaambia. "Ya baba yenu haimwagwi."

Wakanywa. Wakakunja uso sawasawa, jicho la kushoto likifumba, sura ya baba yao tupu. Nilitaka kuwaambia tazamaneni basi, lakini walikuwa wanatazama ukuta, kila mtu wake.

Msumari akaweka glasi chini polepole. "Nimemaliza, mama. Kwaheri." Akavaa kofia. Tukasikia geti likijigonga.

Mkubwa akalizunguka pipa, akalipigapiga ubavuni. "Labda tuichanganye na ile changa ninayopika, tuiuze."

"Nyamaza, baba watoto," mkewe akamwambia. Akakusanya glasi tatu, akaenda nazo jikoni. Mumewe akamfuata.

Ya marehemu ilibaki mezani imejaa. Nikavuta kiti, nikainywa yote, bila kutia maji.