Likizo Haisubiri Mayai

Saa kumi na moja na nusu jioni mshonaji alirudi kutoka kiwanda cha sare, akavua viatu, akapanda kigoda na kukaa ukingoni mwa kiota kilichokuwa juu ya kabati. Kiota kikatikisika. Watoto watatu, macho bado yamefumba, wakanyoosha shingo na kuachama. Akamlisha mwenye kinywa kipana zaidi. Kisha akamlisha tena.

Mdogo alikuwa amechelewa kuanguliwa siku nne. Kiwandani likizo ya uzazi ni siku kumi na nne, na huhesabiwa tangu yai la kwanza. Mama mkwe alikuwa amemsihi asilalie mpaka yatimie matatu, watoto waanguliwe pamoja.

"Mama, likizo haisubiri mayai," alimjibu, akalalia palepale.

Mchana mama mkwe, bibi yao, ndiye aliyebaki nao. Magoti yake hayakuweza kigoda, kwa hiyo aligonga kabati kwa fimbo, walau amwone mdogo. Vinywa vitatu vilichomoza. Wakubwa, matumbo yamejaa, walifunga upesi. Mdogo alibaki ameachama mpaka shingo ikamlegea.

"Usimgongee, mama," mshonaji alimwambia jioni. "Unamchosha bure."

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa."

"Namjua sana. Ndiye ninayemruka kila siku."

Siku ya tisa tangu waanguliwe, wakubwa walikuwa na manyoya na macho, wakamkanyaga mdogo mgongoni ili wafike juu zaidi. Siku ya kumi mdogo hakufungua kinywa. Mshonaji aliwalisha wawili, akambeba mdogo kwa meno kama alivyozoea kubeba vinyesi vyao, akamtupa ng'ambo ya barabara, paka wasije wakaijua nyumba. Akanawa, akapika. Mumewe aliuliza kama sasa kiota kina nafasi. Kilikuwa nayo.

Bibi aligonga kabati mara moja, akahesabu vinywa, akaiweka fimbo nyuma ya mlango.

Wiki iliyofuata wakubwa waliruka dirishani. Hawakugeuka.

Kiwandani msimamizi aliuliza ni wangapi.

"Wawili."

"Safi sana," akaandika.

Binti wa cherehani ya pili alikuwa ametaga yai lake la kwanza asubuhi hiyo. Lilikuwa mapajani, limefunikwa na mkono wa shati. Akamwinamia mshonaji.

"Dada, niyangoje yote?"

"Usingoje."

"Na wa mwisho?"

Mshonaji alikata uzi kwa meno.

"Usimpe jina."