Cheti cha Kuazima

"Hebu niambieni, shuka linajua kusoma?"

Mpiga Pasi alikuwa amefura. Dobi aliyemwajiri miaka nenda rudi alikuwa amefunga duka, na kampuni ya kufua mashuka ya hospitali ilitaka wapiga pasi wenye cheti cha kidato cha nne. Yeye shule aliiacha njiani mama yao alipougua, ili angalau mdogo wake amalize. Mdogo mtu akamaliza kweli, akaolewa, na cheti chake kikalala kabatini chini ya nguo.

"Chukua changu, dada," mdogo wake akamwambia. "Kwani nani atajua? Utaitwa mimi, basi."

Naye, kwa shida aliyokuwa nayo, akakichukua. Msimshangae! Mtaani kwao watu tele walikuwa kazini kwa majina ya ndugu zao. Fundi mwashi, jirani yao, aliishi hivyo mpaka akafa, na wenzake wa kazini wakaja msibani wakimlilia binamu yake, kumbe binamu mwenyewe amekaa pale pale na kikombe cha chai mkononi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mjane hakucheka, maana mafao ya mumewe, yaliyoandikwa kwa jina la binamu, aliambiwa hayamhusu.

Kwenye usaili Mpiga Pasi alipita bila taabu. Asubuhi ya kwanza wakavalishwa aproni, wakapangwa mstari mbele ya mashine, mvuke umetanda, na msimamizi akaanza kuita majina. Likaitwa la mdogo wake.

Likaitwa tena. Mpiga Pasi alifungua kinywa aseme "nipo", akakifunga tena. Alimkumbuka yule mjane. Akajiona yeye mwenyewe anazeeka humo ndani akiitikia jina la mtu mwingine, na hasira zikampanda.

"Huyo hayupo," akasema. "Yuko kwake anaogesha mtoto. Mimi ni dada yake. Shule sikumaliza, ila pasi naijua."

Loo! Mstari mzima ukaguna. Msimamizi akamvuta kando, akashusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya.

"Dada, una wazimu? Ungeitikia tu, saa hizi ungekuwa ndani."

"Ndani angekuwa mdogo wangu. Mimi ningebaki nje."

"Sasa nafasi umeikosa. Unataka nifanyeje?"

"Hiyo ilikuwa ya mdogo wangu, ipotee tu. Mimi hapa sijaomba kazi hata siku moja." Akavua aproni, akaikunja vizuri, akamkabidhi. Macho hakuyainamisha. "Ndiyo naomba sasa. Ukitaka kunikataa, nikatae, lakini nikatae kwa jina langu."

Akalitaja, na la baba yake akaliongeza, kwa sauti iliyoupita mlio wa mashine.