Ulezi wa Luciana

Wewe unayesoma, ulikuwepo. Redio yako ilikuwa imewashwa; ulipandisha sauti kwenye muziki, ukaishusha kwenye habari, ukaangalia pembeni. Basi sikiliza sasa.

Jumanne asubuhi, Mpui, Luciana alikuwa uani akipepeta ulezi wa uji wa binti yake, Redempta, aliyejifungua juzi yake na maziwa yamegoma kushuka. Lilikuwa debe moja. Shamba la ukoo lilikuwa ndani ya waya wa mwekezaji tangu masika ya mwaka juzi, na hilo debe ndilo pekee lililovunwa kwenye kipande cha nyuma ya choo. Redio ya jirani ikatangaza kwamba Rukwa ni lulu ya kilimo. Konzi ya ulezi kwenye ungo ikageuka lulu. Luciana akazitenga pamoja na mawe, akaendelea kupepeta.

Saa nne mtangazaji wa mpira alimwita mshambuliaji fulani lulu ya usajili. Zikaenda konzi mbili. Mchana ukapigwa wimbo wa kijana anayemwita mpenzi wake lulu kila kiitikio, na kiitikio kilikuwa kirefu. Gari la matangazo likapita likinadi shindano la kumsaka lulu wa mkoa. Jioni debe lilikuwa nusu.

"Haziivi, mama?" Redempta aliuliza kitandani.

"Nimezichemsha tangu mchana. Ngumu vilevile."

Kabula, jirani yao Msukuma, alikuja na karai la samadi. Ng'ombe wake walikamatwa walipougusa waya ule. Zizini ilibaki samadi tu.

"Dada, tutie ulezi uliobaki kwenye kihenge, tukisiribe. Maneno hayapenyi mavi ya ng'ombe."

"Hata ya mheshimiwa?"

"Hayo ndiyo yanajuana na mavi kabisa."

Wakacheka kidogo, wakasiriba. Siku mbili redio ilisema ilivyotaka, ulezi ukabaki ulezi. Usiku, redio ikilala, Luciana alichota kidogo, Redempta akanywa uji. Alhamisi jioni kanga yake ililowa kifuani, mtoto akavuta, akameza.

Ijumaa akaja ofisa kutoka mjini, kasikia habari za lulu. Akazitia kwenye mfuko, akasema ni mali ya umma. Luciana akamweleza habari za shamba. Ofisa akaandika kitu kiganjani.

Jua lilikuwa limesimama na mgeni hajala. Kwa Luciana mgeni haondoki na njaa, hata awe huyu. Akazibua kihenge, akamwaga ulezi wote kwenye ungo aupepete, akachota wa kusaga, akasonga ugali, akauandaa na dagaa wa Kirando. Ofisa alikula akamaliza. Akanawa.

"Ahsante, mama. Wewe ndiye lulu yetu."

Ungo mzima ukang'aa. Ofisa akafungua tena mfuko.

Jumamosi maziwa yakakatika tena. Mtoto alikufa Jumapili, kabla ya misa ya pili, hajapewa jina. Redempta alikaa akilikamua titi, kama mtu anayesubiri kuitwa. Lulu moja ilikuwa imenasa kwenye ufa wa ungo. Kuku aliidonoa, akaitema.

Jumatatu redio ilisema Rukwa sasa ni lulu ya uwekezaji. Nyumbani kwa Luciana hapakuwa na kitu cha kugeuka.

Zima redio yako. Ndani kwako kuna debe la ulezi, na Redempta hajala tangu Ijumaa. Libebe leo umpelekee, njiani usiseme neno, na ukifika kwenye ule waya, uukate.